UZI: Hanshin kumaliza ukame wa miaka 38 (msimu wa 2023), sifa apewe nani? Okada, warushaji au mzee wa kuku?

#1 Mkia wa Chuimilia
Wakuu salaam. Najua jukwaa hili ni la mpira wa miguu lakini tupo wachache tunaokesha na besiboli ya Japani, leo tujitokeze.

Tarehe 5 Novemba 2023 Hanshin Tigers walibeba Japan Series (fainali kati ya timu ya Ligi ya Central na ya Ligi ya Pacific) kwa kuwatoa Orix Buffaloes mechi 4 kwa 3. Mara ya mwisho ilikuwa 1985. Kila mtu ana hadithi yake kuhusu ilikuwaje. Mimi nasema wazi: ni kocha Okada Akinobu na kutembea bure.

Kwa wasiojua, mrushaji akikosea mara nne kwa mpigaji mmoja, mpigaji anajiendea besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne, ukivimaliza vyote ni pointi) bila kupiga chochote. Kabla ya msimu Okada aliwafuata wakubwa wa klabu akawaambia pointi za kutembea bure ziongezwe kwenye tathmini ya mishahara. Basi. Mchezaji akishajua uvumilivu una hela, haparamii kila mpira. Hanshin walipiga homurani (mpira unaopigwa ukavuka uzio) 84 tu msimu mzima, Giants walipiga 164. Nani aliongoza Ligi ya Central kwa pointi za kufunga? Hanshin. Giants wakamaliza wa nne.

Anayebisha aje na hoja.

#2 Takwimu Tupu
Nabisha. Umeanza na wapigaji wakati timu ilibebwa na warushaji. Wastani wa pointi walizoruhusu ulikuwa 2.66 kwa kila awamu tisa, mdogo kuliko timu zote za Central. Ukiruhusu mbili na kitu kwa mechi, hata babu yangu anakufungia tatu ukashinda.

Na hao warushaji walitoka wapi? Murakami Shoki kabla ya 2023 hakuwa na ushindi hata mmoja ligi kuu. Akamaliza na 1.75, akachukua mchezaji bora chipukizi NA mchezaji bora wa ligi mwaka huohuo. Otake Kotaro alikuwa ameozea SoftBank. Desemba 2022 wakafanya kwa mara ya kwanza ule utaratibu wa timu kubadilishana wachezaji wasiopewa nafasi, Hanshin wakamwokota. Akashinda 12, akapoteza 2.

Kutembea bure ni chachandu tu.

#3 Jirani Mtata
Nimesoma mara mbili sijaelewa. Kwa hiyo mtu anasimama na rungu, anakataa kupiga, halafu anapandishwa mshahara? Nitumieni fomu.

#4 Mkia wa Chuimilia
Jirani Mtata, wewe fomu yako ilishajaa zamani, kazini kwako si ndivyo unavyoishi?

Takwimu Tupu nimekusoma. Ila huyo Murakami unayemsifia, nani alimtoa tarehe 12 Aprili dhidi ya Giants akiwa ametupa awamu saba bila mtu hata mmoja kufika besi? Okada. Mipira 84 tu, akamwambia kaa. Mashabiki walitaka kumla nyama. Kocha wa kawaida anamwacha dogo atafute rekodi, halafu Juni mkono umekufa.

#5 Mvita Original
Assalaam alaykum. Nyote mwazungumza hesabu, na jambo lenyewe lajulikana. Laana ya Kanali imekwisha.

Mwaka 1985 Hanshin waliposhinda ligi, mashabiki walikusanyika daraja la Ebisubashi pale Osaka. Wakawa waita jina la mchezaji, shabiki anayefanana naye ajitupa mtoni Dotonbori. Walipofika kwa Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu aliyepiga homurani 54 mwaka ule, hakupatikana wa kufanana naye. Wakaing'oa sanamu ya Kanali Sanders mlangoni mwa duka la kuku wakaitupa majini. Tangu siku ile timu haikuona raha.

#6 Takwimu Tupu
Mvita sanamu ilipatikana Machi 2009. Mafundi waliiopoa kwenye tope, bila miwani na bila mkono wa kushoto. Mbona ukame uliendelea miaka 14 mingine? 2014 walifika Japan Series wakachapwa na SoftBank 4-1.

#7 Mvita Original
Si umesema mwenyewe mkono wa kushoto haukupatikana? Laana yalegea polepole.

#8 Kiroboto
Hahahaha #7 kafunga mjadala.

Ila tuwekane sawa, kuna watu wakisoma kichwa cha uzi watadhani Hanshin hawakushinda kitu chochote miaka 38. Ubingwa wa Ligi ya Central walichukua 2003 na 2005. Kilichokuwa hakipatikani ni Japan Series. Na 2005 kocha alikuwa huyuhuyu Okada, akapigwa na Lotte 4-0. Jumla ya pointi mechi zote nne: 33-4. Mpaka leo ukimwandikia shabiki wa Hanshin "33-4" anakublock.

Kwa hiyo Mkia, kama Okada ndiye dawa, 2005 dawa ilikuwa imeisha muda?

#9 Mkia wa Chuimilia
2005 pointi za mishahara hazikuwa zimebadilishwa. Soma #1.

Na Okada wa 2023 si yule. Alikuwa na miaka 65, ameshapita Orix kama kocha, ameshakaa nje miaka mingi anatazama. Alivyorudi alifanya mambo ya kizee: kila mtu kiti chake. Oyama besi ya kwanza, mpigaji wa nne, mechi zote 143. Sato besi ya tatu. Nakano akahamishwa besi ya pili. Kinami akapewa nafasi ya nane kwenye orodha ya wapigaji akatulia hapo. Miaka ya nyuma wachezaji wa Hanshin walikuwa wakiamka hawajui leo watacheza wapi.

Hata neno "ubingwa" alikataza kulitaja. Wakawa wanasema "ile kitu". Nchi nzima ikaanza kusema "ile kitu".

#10 Msee wa Umoja
Niaje wasee. Mimi naona mnasahau WBC. Machi 2023 Japani walishinda Kombe la Dunia pale Miami, 3-2 dhidi ya Marekani, Ohtani akamtoa Trout kwa straiki ya mwisho (mpigaji akipata tatu anatoka). Sawa. Sasa tazama nani alitoka huko akiwa amechoka. Yakult walikuwa mabingwa wa Central 2021 na 2022, Murakami Munetaka alikuwa ametoka kupiga homurani 56. 2023 Yakult wakamaliza wa tano! Hanshin walipeana wachezaji wawili tu, Nakano na Yuasa. Rivals walichoka, wao wakapita katikati. Ni hivyo tu.

#11 Takwimu Tupu
Msee nadharia yako ina matundu. Nakano alikwenda WBC, akarudi akaongoza ligi kwa mipigo (kupiga mpira ukafika besi salama), 164, sawa na Makino wa DeNA ambaye naye alikuwa WBC. Halafu Orix walipeleka Yamamoto, Miyagi na Udagawa, na wakashinda Pacific kwa mara ya tatu mfululizo. Yamamoto alitupa mechi isiyo na mpigo tarehe 9 Septemba akamaliza na 1.21. Huo ndio uchovu?

#12 Msee wa Umoja
Na Yuasa je? Si msimu wake uliharibika?

#13 Takwimu Tupu
Mmoja kati ya wengi. Tutamrudia.

#14 Fundi wa Aichi
Habari wakuu, mimi nipo huku Aichi, nafanya kazi kwenye kampuni ya vipuri vya magari (jina tuliache). Mnaongea mengi ila mmesahau ligi za makampuni.

Chikamoto, mchezaji bora wa ile Japan Series, alitoka timu ya Osaka Gas. 2018 walibeba Toshi Taiko, mashindano ya miji kwa timu za makampuni, na yeye akachukua tuzo ya mchezaji bora. Nakano katoka Mitsubishi Motors ya Okazaki, hapahapa kwetu. Kinami katoka Honda. Mrushaji Ito Masashi katoka JR East. Hawa ni watu wazima waliokwisha kupiga saa na kuvaa sare za kiwanda. Ukimwambia mtu kama huyo vumilia usipige, anakuelewa. Mtoto wa miaka 18 aliyezoea kushangiliwa hakuelewi.

#15 Jirani Mtata
Fundi subiri. Timu ya kampuni, yaani wanacheza badala ya kufanya kazi au baada ya kazi?

#16 Fundi wa Aichi
Inategemea kampuni. Kwetu asubuhi wapo ofisini, mchana wanakwenda mazoezini. Yupo mmoja wa idara ya usafirishaji, ukimpelekea karatasi saa nne anagonga mhuri vizuri tu, ukirudi saa nane kiti kitupu, kofia haipo kwenye msumari.

Toshi Taiko ndiyo raha yenyewe. Inachezwa Tokyo Dome kila kiangazi, timu inabeba jina la mji wake. 2023 walichukua Toyota. Sasa kuna sheria moja sijaiona popote: timu ikifuzu inaruhusiwa kuazima wachezaji hadi watatu kutoka timu za kanda ileile zilizotolewa. Sisi tulitolewa kwenye mchujo, mrushaji wetu akaazimwa na kampuni tunayoshindana nayo kibiashara. Ofisi nzima ikawa inamshangilia mpinzani. Meneja kavaa taulo la wenzetu shingoni, anaimba wimbo wa kampuni yao kwa kusoma kwenye karatasi.

#17 Kiroboto
Yaani kama Yanga wametolewa halafu straika wao akaazimwa Simba amalizie mashindano. Hapa nchi ingewaka moto.

#18 Ngosha wa Ilemela
Ingewaka na kamati ingevunjwa.

Fundi hoja yako nzuri lakini Murakami na Otake wametoka vyuoni, Oyama chuoni, Sato chuoni. Makampuni umewachagua wanne wanaokufaa.

#19 Fundi wa Aichi
Wanne hao kati yao wawili ndio wanaofungua orodha ya wapigaji. Toa Chikamoto na Nakano uone kama hiyo mipira minne ya Mkia ingekuwa na maana yoyote.

#20 Mwana wa Dotonbori
Mimi ni mwanafunzi Osaka. Tarehe 14 Septemba, usiku waliochukua ligi, nilikuwa karibu na hilo daraja la Mvita. Polisi wamejipanga kama ukuta, wana vipaza sauti wanasema tembeeni, msisimame, tembeeni. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu unasukumwa kwa heshima kabisa, "samahani, tembea". Watu wote manjano. Na bado wapo waliopenya wakajirusha. Maji yale hata mbwa hanywi.

Kilichonikaa ni jambo la uwanjani, nililiona kwenye runinga ya mgahawa. Wakati wanamrusha Okada juu, mchezaji mmoja alikuwa ameshika jezi namba 24. Ni ya Yokota Shintaro, alikuwa mchezaji wao, uvimbe wa ubongo ukamtoa kwenye mpira, akafariki Julai hiyohiyo akiwa na miaka 28. Wakairusha na jezi yake. Mzee mwenye mgahawa aliacha kukaanga.

Kwa hiyo mimi nadharia yangu ni hiyo, walikuwa na mtu wa kumchezea.

#21 Takwimu Tupu
Mkuu inagusa, na sitaki kuibishia. Ila mpaka Julai walishakuwa juu.

#22 Mama Zuu
Naomba niwatoe huko kidogo. Mimi ni mwalimu, siijui sana ligi ya wakubwa, ila 2023 nilifuatilia ile ya sekondari ya kiangazi, Koshien. Keio walishinda baada ya miaka 107! Timu 49 zinafika pale baada ya michujo ya mikoa yenye shule zaidi ya 3,000, mkipoteza mechi moja mmekwenda nyumbani. Na Keio watoto wao wana nywele zao kichwani, hawajanyolewa kipara kama kawaida ya shule nyingi. Kocha wao Moribayashi Takahiko ni mwalimu wa shule ya msingi. Msingi! Anafundisha darasani halafu anakwenda kufundisha besiboli. Falsafa yake ni mchezo ufurahiwe, mchezaji afikiri mwenyewe.

Nilimwonesha mkuu wangu wa shule anayependa kunyoa watoto. Alikohoa tu.

#23 Ngosha wa Ilemela
Mama Zuu shikamoo. Ila nywele hazipigi mpira. Keio ni shule ya wenye nacho, ina chuo kikuu chake, ina wahitimu kila ofisi kubwa ya Tokyo. Siku ya fainali dhidi ya Sendai Ikuei, wahitimu walijaza jukwaa wakaimba mpaka wachezaji wa Sendai kule nyuma wakashindwa kusikilizana. Awamu ya tano mpira ukapaa, wawili wakaufuata, ukaanguka. Awamu ile peke yake Keio walifunga tano. Ikaisha 8-2. Huko Japani kwenyewe watu walilalamika kwamba kelele zilipita kiasi.

#24 Mama Zuu
Marahaba mwanangu. Mpigaji wa kwanza kabisa wa mechi alipiga homurani, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye fainali ya kiangazi. Hapo kelele zilikuwa hazijaanza. Na kocha wa Sendai aliwapongeza, hakulia kelele.

#25 Kiroboto
Nyongeza kwa Mama Zuu: Machi 2023 timu hizihizi zilikutana kwenye Koshien ya masika, Sendai wakashinda 2-1 awamu ya kumi. Kwa hiyo Agosti ilikuwa kisasi. Ile ya masika ilikwenda Yamanashi Gakuin, mara ya kwanza kwa mkoa wao.

Na usahihi kidogo: Keio waliposhinda 1916 uwanja wa Koshien haukuwepo. Ulifunguliwa Agosti 1924. 1916 walicheza Toyonaka. Kwa hiyo ndani ya Koshien yenyewe hii ndiyo ya kwanza yao.

#26 Mkia wa Chuimilia
Mnanitekia uzi lakini poa, maana Koshien ni nyumbani kwa Hanshin. Kila Agosti watoto wa shule wanapewa uwanja, Hanshin wanafukuzwa kwao. Zamani hiyo safari iliitwa ya kifo, timu inaanguka kila kiangazi. Agosti 2023 walifanyaje? Walishinda 18, wakapoteza 7, humo wakashinda kumi mfululizo. Hiyo ni akili ya kocha, si kanali wala nywele.

#27 Mwana wa Dotonbori
Mkia siku hizi si safari ya kifo. Mechi kadhaa za nyumbani wanachezea Kyocera Dome, hapahapa Osaka, ndani kuna kipoza hewa. Wanaokufa na jua ni hao watoto. 2023 ndiyo walianza kuwapumzisha dakika kumi baada ya awamu ya tano, wanaingia ndani kupoozwa shingo. Bado wengine walirudi uwanjani misuli ikawakaza.

#28 Dogo wa Upanga
Wakuu mimi nimecheza besiboli pale Azania, Dar, uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Na mashindano ya shule yanaitwa Tanzania Koshien, kwa hiyo msituone wageni. Kabla ya mazoezi tunapanga mstari, tunavua kofia, tunauinamia uwanja. Wapita njia walikuwa wanadhani tunaswali.

Swali: ni kweli waliofungwa Koshien wanachota udongo?

#29 Kiroboto
Kweli. Wanapiga magoti mbele ya benchi lao wanachota kwa viganja, wanatia kwenye mfuko wa viatu. Mwaka 1958 shule ya Shuri ya Okinawa walichota wakasafiri nao, wakati huo Okinawa iko chini ya Marekani. Walipofika kwao karantini ikasema udongo wa nje hauingii, ukatupwa bandarini. Wahudumu wa ndege wakawatumia vijiwe vya Koshien badala yake, maana jiwe halikatazwi.

#30 Jirani Mtata
Karantini ni walewale dunia nzima.

#31 Msee wa Umoja
Tukirudi kwa mada: hakuna amesema Orix walijimaliza wenyewe. Yamamoto mechi ya kwanza aliruhusu pointi saba, 8-0. Mechi ya sita akarudi akatupa mipira 138, akatoa watu 14 kwa straiki, rekodi ya Japan Series. Wakalazimisha ya saba, halafu ya saba hayupo. Wakapigwa 7-1, Neuse akapiga homurani ya pointi tatu. Angetokea vile siku ya kwanza saa hii tunaongea mengine. Desemba yeye huyo akasaini Dodgers, miaka 12, dola milioni 325.

#32 Takwimu Tupu
Hilo nakubali nusu. Sasa nimrudie Yuasa niliyewaahidi. Mechi ya nne, 3-3, awamu ya nane, Orix wana watu besi ya kwanza na ya tatu. Okada anamwita Yuasa, hajatokea mechi ya wakubwa tangu Juni. Koshien nzima ikapiga kelele. Akatupa mpira mmoja. Mmoja tu! Ukapaa karibu, ukadakwa, awamu imekwisha. Awamu ya tisa Oyama akapiga, 4-3. Pale ndipo mfululizo ulipogeuka, na aliyeugeuza ni mrushaji.

#33 Mkia wa Chuimilia
Takwimu asante kwa kunisaidia. Awamu hiyo ya tisa Oyama alikuta besi zimejaa. Zilijazwa na nini? Chikamoto katembea bure. Nakano katembea bure. Morishita katembea bure. Nilisema nini #1?

#34 Takwimu Tupu
Nakano na Morishita walipewa makusudi kabisa, besi zijae ili Orix wapate urahisi wa kumtoa Chikamoto kwenye besi ya nyumbani! Hata Jirani Mtata angepewa.

#35 Jirani Mtata
Na pointi za mshahara hapo nazipata au sizipati?

#36 Mvita Original
Kanali alitupwa rasmi Machi 2024, kampuni yenyewe yasema amechakaa, wakamfanyia na ibada ya kumuaga. Sasa tutaona.